Kidato cha Sita kina mtihani wa pili: kusubiri

 

Ndugu msomaji, leo naomba nizungumzie jambo lililonikuta nyumbani kwangu hapa Mtwara, nikiamini kuwa halikunikuta peke yangu. Binti yangu amemaliza Kidato cha Sita katika mchepuo wa PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia. Mtihani hufanyika Mei na matokeo hutoka Julai. Alhamdulillah alifaulu. Si kwa alama za kutangazwa redioni, lakini alifaulu. Akaomba Udaktari wa Binadamu katika vyuo vitatu, kimoja Dar es Salaam, kimoja Dodoma na kimoja Mwanza. Baada ya hapo ukaanza mtihani wa pili, ambao hauna msimamizi wala ratiba, nao ni kusubiri majina.

Aliyepitia hali hiyo anaijua. Simu inalala chini ya mto. Ukiingia ujumbe wa kutangaza vifurushi, moyo unaruka. Mtoto anaamka usiku wa manane, mzazi anashukuru kuwa mwanawe anaswali tahajudi, kumbe anaperuzi intaneti kuona kama majina yametoka. Huko kwenye makundi ya wanafunzi kila saa kuna uvumi mpya. Huyu anasema majina ni leo usiku, yule anasema ni wiki ijayo, mwingine anaapa kuwa mwaka huu ushindani umezidi na wenye alama za kawaida wasijisumbue.

Mimi nilijiona ndiye mwenye subira katika nyumba ile. Nilikuwa nikimwambia mama yake aache kuhangaika, nikimwambia mtoto amtegemee Mola wake. Maneno yalikuwa mazuri, ila mwenye kuyasema hakuwa nayo.

Swali la binti yangu

Jioni moja baada ya Magharibi nilimuuliza, "Bado tu?" Ilikuwa mara ya nne siku ile. Kisha nikaongeza neno ambalo namuomba Allah anisamehe. Nilimtajia mtoto wa jirani aliyepata alama za juu, nikasema, "Ungesoma kama mwenzako, tusingekuwa hapa."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema kwa adabu, macho yakiwa chini: "Baba, mimi nasubiri chuo. Sasa wewe unasubiri nini?"

Sikumjibu. Nilichukua kofia yangu nikaenda msikitini kabla hata ya adhana ya Isha. Ukweli ni kwamba nilikuwa nalikimbia lile swali. Lakini swali la haki halikimbiliki. Nililikuta limekaa nami kwenye mkeka.

Ndugu zangu, mimi nilimaliza Kidato cha Sita mwaka 1988. Nilitaka kuwa daktari. Wakati ule nchi nzima ilikuwa na shule moja tu ya udaktari, pale Muhimbili, iliyoanza mwaka 1963 na ambayo tangu mwaka 2007 ni Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Hakukuwa na simu ya kuweka chini ya mto. Tulisubiri barua. Na barua ya kutoka Dar es Salaam kuja Mtwara ilikuwa na safari yake, kwa sababu Daraja la Mkapa pale Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo tulivuka kwa kivuko, na masika ikishika, barabara ilikuwa tope tupu na magari yalikwama njiani kwa siku kadhaa.

Barua yangu ilipofika ilikuwa ya chuo cha ualimu. Nilisema Alhamdulillah kwa ulimi, nikaenda, nikasoma, na nimefundisha Baiolojia kwa zaidi ya miaka 30. Lakini siku ile msikitini nilijua jibu la swali la binti yangu. Nilikuwa naisubiri ile barua ya zamani. Nilimbebesha mtoto wa miaka 19 mzigo wa baba yake, kisha nikamlaumu kwa kuchelewa kuufikisha.

Na kulikuwa na jambo baya zaidi. Nilikwishaanza kuwaambia watu. Pale barazani, sokoni na hata mlangoni mwa msikiti nilikuwa namwita "daktari wangu". Watu wakanizoea, wakawa wananisalimia, "Mwalimu, daktari hajambo?" Nami naitikia huku kifua kikijaa. Hivyo kila siku ambayo majina hayakutoka, aibu niliyoiogopa ilikuwa yangu. Hebu tujiulize, wazazi wenzangu: tunataka watoto wetu watibu wagonjwa, au tunataka jina la kujisifia barazani? Mtume (SAW) ametufundisha kuwa amali huhesabiwa kwa nia. Nia ya mzazi nayo ina hesabu yake.

Mama yake Musa

Wako ndugu wanaodhani kuwa mtu mwenye imani haingiwi na wasiwasi. Wanamwambia kijana anayehangaika, "Wewe imani yako ndogo." Hili si sahihi, na ushahidi uko katika Sura Al-Qasas, kuanzia aya ya 7.

Mama yake Nabii Musa (AS) alifunuliwa na Allah kuwa amtie mwanawe mtoni, na akaahidiwa mambo mawili: mtoto atarudishwa kwake, na atakuwa miongoni mwa Mitume. Hiyo ilikuwa ahadi ya Mola mwenyewe, wala si uvumi wa kwenye simu. Pamoja na hayo, aya ya 10 inatueleza kuwa moyo wake ulibaki mtupu, akakaribia kuitoa siri, lau si Allah kuutia nguvu moyo wake.

Tuzingatie hapa. Kama mama aliyeahidiwa na Mola wake aliingiwa na hofu kiasi kile, basi hofu ya binti wa Kidato cha Sita asiyeahidiwa lolote si dhambi na wala si upungufu wa dini. Ni ubinadamu. Kinachotakiwa ni moyo ufungwe kwa Allah usije ukapasuka.

Kisha tutazame alichofanya. Aya ya 11 inasema alimwagiza dada yake Musa amfuatilie mtoto. Hakukaa akilia tu. Alifanya lile dogo lililobaki mikononi mwake, na ni kwa sababu ya yule binti aliyefuatilia kwa mbali, akatoa ushauri kwa watu wa Firauni, ndipo mtoto akarudi kwa mama yake. Hiyo ndiyo subira. Mto unamwachia Allah, kisha unatembea ukingoni.

Sisi watu wa kusini tuna mto wetu, Ruvuma, na maingilio yake yenye mikoko. Wiki moja baada ya swali la binti yangu nilikwenda Msimbati kwenye maziko. Tuliporudi kutoka makaburini nilimkuta mzee mmoja mvuvi ufukweni, maji yamekupwa, dau lake limelala mchangani. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba mwalimu." Nikamuuliza maji yanarudi saa ngapi, akacheka. "Maji hayaitwi, mwalimu. Yana saa zake." Lakini mikono yake haikusimama. Alikuwa anashona nyavu, na mjukuu wake anakalafati dau. Maji yakija yawakute tayari.

Mtu mmoja alimuuliza Mtume (SAW) kuhusu ngamia wake, amfunge au amwache na kumtegemea Allah. Akaambiwa amfunge kisha ategemee. Imepokewa na Tirmidhi. Mzee wa Msimbati alikuwa anaifanyia kazi hadithi hiyo.

Nyavu za kushonwa

Basi vijana wetu wanaosubiri, nyavu za kushonwa ni zipi?

Kwanza ni karatasi. Katika wiki hizi hizi za kusubiri, dirisha la Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu huwa linafunguliwa na kufungwa. Bodi hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na kwa yatima, cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa vivyo hivyo. Udaktari ni miaka mitano darasani na mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo. Familia ngapi za wakulima wa korosho zitaubeba mzigo huo bila mkopo? Mtoto anaweza kupata chuo akakosa kwenda kwa ajili ya cheti ambacho hakuna aliyekifuatilia.

Pili ni kuthibitisha. Tangu mwaka 2017 maombi hupelekwa vyuoni moja kwa moja, chini ya usimamizi wa Tume ya Vyuo Vikuu. Aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja anatakiwa athibitishe kimoja kwa namba maalumu ndani ya muda uliowekwa. Asiyethibitisha hujidhulumu. Anayeshikilia nafasi asizozitaka humchelewesha mwenzake.

Tatu ni istikhara. Jabir bin Abdillah (RA) amesimulia kuwa Mtume (SAW) aliwafundisha maswahaba istikhara katika mambo yote kama anavyowafundisha sura ya Qur'an. Imepokewa na Bukhari. Na tusiwe na haraka, kwani tumefundishwa kuwa mja hujibiwa maadamu hajaharakisha akasema nimeomba sikujibiwa.

Pia kuna nyavu za haramu. Zitakuja simu za watu wasiojulikana wakidai wana mtu wao ndani ya chuo, tuma pesa upate nafasi. Huyo ni tapeli. Na lau angekuwa mkweli ingekuwa rushwa, na utakuwa umempokonya nafasi mtoto wa mtu. Wapo pia wanaobisha hodi kwa waganga ili nyota ya mtoto isafishwe. Ewe mzazi, utamtuma mwanao akatibu watu kwa elimu huku umemfungulia njia kwa shirki?

Jina lisipokuwemo

Sasa niseme yaliyotokea. Awamu ya kwanza imetoka na jina la binti yangu halimo. Alikuja kuniambia baada ya Alfajiri. Safari hii sikutaja mtoto wa jirani. Nilimwambia, "Mwanangu, kaa hapa," tukakaa, akalia, na mimi nikalia. Kisha tukazungumza, kwa mara ya kwanza tangu Julai, bila mimi kumuuliza kitu.

Nilimweleza jambo moja. Usiku mmoja, miaka kadhaa iliyopita, tulimkimbiza bibi yake Hospitali ya Ligula. Daktari aliyetupokea alinitazama akasema, "Shikamoo mwalimu." Alikuwa mwanafunzi wangu. Moyo wa binadamu, vyumba vyake vinne na mishipa yake, mimi ndiye niliyemchorea ubaoni kwa mara ya kwanza. Ile barua niliyoiona ni ya kunyimwa mwaka ule ndiyo iliyomleta daktari yule mbele ya mama yangu usiku ule. Sura Al-Baqara, aya ya 216, inatukumbusha kuwa huenda tukachukia kitu nacho ni heri kwetu, na Allah anajua nasi hatujui. Nilikuwa nimeisoma aya hiyo mara nyingi, ila siku ile ndipo nilipoisoma kwa ajili yangu.

Hii haina maana tuwaambie watoto waache udaktari. Hapana. Imam Ghazali katika Ihya ameutaja utabibu kuwa ni faradhi ya kutosheleza, na akawalaumu watu wa zama zake kwa kuuacha. Bibi Rufaida (RA) aliwahudumia majeruhi hemani mwake zama za Mtume (SAW). Wake zetu na mama zetu wanahitaji madaktari wanawake, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo haiwezi kutibu kwa kuta zake. Lakini faradhi hii ina milango mingi. Binti yangu anasubiri awamu ya pili, na wakati huo huo amechukua fomu ya utabibu ngazi ya diploma, ambayo wengi wameianza kisha wakaufikia udaktari. Jioni anawasomesha Kemia mabinti wa Kidato cha Pili pale madrasa.

Kwa wazazi, nasema tupunguze maswali tuongeze dua. Kwa maimamu na kamati za misikiti, nawaomba wiki hizi za Julai na Agosti watengwe watu wawili watatu wanaojua taratibu, wakae baada ya Alasiri wawasaidie vijana fomu, vyeti na maombi ya mkopo. Harambee ya mabati tunaiweza. Na hili haligharimu hata bati moja.

Ee Mola wetu, wafungulie vijana wetu milango yenye heri, na ule uliofungwa wapoze nao nyoyo zao. Utusamehe wazazi kwa maneno tuliyowatupia, na usitufanye tukausubiri ukubwa wetu kupitia kwao. Amin.

Wabillahi tawfiq.