Je, Kupumzika Ukiwa Mgonjwa ni Uvivu?



Kwaresima hii imenikuta kitandani. Ilianza na uchovu na kichefuchefu, nikadhani ni malaria tu. Baadaye mkojo ukawa kama chai ya rangi, macho yakawa ya njano. Daktari akasema ni homa ya ini aina A, ile tunayoipata kwa maji au chakula chenye uchafu. Dawa ya kuua virusi vyake hakuna, mwili wenyewe ndio unavishinda, kwa wiki kadhaa, wengine miezi. Kazi yangu ni kupumzika, kunywa maji, kula kidogo kidogo, kutogusa pombe, na kutomeza hata panadol bila kuuliza.

Sasa mimi nimezoea kufunga. Kila nikipewa uji Ijumaa asubuhi nilijiona msaliti. Wenzangu wako kwenye mazoezi ya nyimbo za Pasaka, mimi nimelala!

Nikampigia paroko. Hakunihubiria, aliniuliza tu: "Unataka kufunga kwa ajili ya Mungu, au ili kwaya wasikuone umelegea?" Nikakosa jibu, maana kwa kweli nusu ilikuwa hiyo ya pili. Katekisimu namba 2288 inafundisha kwamba afya ni zawadi ya Mungu na tunapaswa kuitunza kwa busara. Nilikuwa naijua, ila niliwasomea wengine. Halafu mfikirie Eliya jangwani, amechoka hadi anaomba afe. Malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. (Ile divai kidogo ya Timotheo, wapendwa, sisi wa ini tuiruke kwanza.)

Palipokuwa pagumu zaidi ni kwa mama. Alikuja na chupa ya dawa ya mizizi, ametoka nayo mbali. Kumkatalia mzazi si mchezo, na amri ya nne naijua. Lakini baadhi ya mitishamba huliumiza ini, na langu limeshaumia. Nikamwambia, "Mama, nisamehe, hii siwezi. Nipikie mtori." Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza ndizi ziko wapi.

Kuna jambo jingine lililoninyima usingizi. Ugonjwa huu unaambukiza hata kabla macho hayajageuka njano, na wiki moja kabla ya kuugua nilipakua chakula kwenye jumuiya yetu. Kunyamaza kungenihifadhia heshima. Nani anapenda kuambiwa hakunawa mikono vizuri alipotoka chooni? Lakini nyumba zile zina watoto na wazee. Ningewezaje kulitunza ini langu kwa mtori na kuyaacha ya wenzangu?

Nilimpigia mwenyekiti jioni, sauti inatetemeka. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Asante kwa kuniambia, mwanangu. Kesho tunapita nyumba kwa nyumba, atakayejisikia vibaya aende akapime. Wewe umekula?"

Nikamwambia bado.

"Basi kata simu ule."