Seli Inayosubiri

Hamira tunayotia kwenye unga wa maandazi ni kiumbe hai, seli moja moja, na ikipata sukari na joto zuri hugawanyika kila baada ya dakika 90 hivi. Kabla ya kugawanyika hunakili DNA yake yote, ili kila upande upate nakala kamili. (Jamaa yake mmoja, aliyetambuliwa mwaka 1893 katika pombe ya Afrika Mashariki, maabara zote duniani humwita kwa neno letu: pombe. Elimu haikuchagua pa kuanzia.) Je, DNA ikikatika kabla seli haijagawanyika, inakuwaje?

Mwaka 1988 Ted Weinert na Leland Hartwell, huko Seattle, Marekani, walichapisha jibu. Waliipiga hamira mionzi ya eksirei hadi kromosomu zikavunjika. Seli za kawaida zilisimama. Zilikwisha nakili, zimebakiza kugawanyika tu, lakini zilingoja, zikakarabati palipovunjika, kisha zikaendelea. Seli zenye kasoro katika jeni moja, RAD9, hazikusimama. Ziligawanyika na kromosomu mbovu, na nyingi zikafa.

Ungedhani RAD9 ndiyo fundi wa kukarabati. Sivyo. Watafiti walizichukua seli zenye kasoro ileile, wakazizuia kwa dawa zisigawanyike kwa saa kadhaa, na nyingi zaidi zikapona. Mafundi walikuwemo ndani muda wote. Kilichokosekana ni kusimama.

Nilisoma haya miezi michache baada ya Ramadhani ambayo sipendi kuikumbuka. Kwenye kundi letu la WhatsApp uliingia ujumbe kwamba kaka aliyeshika fedha za futari amezila. Niliupeleka kwenye makundi mengine mawili kabla sijamaliza kuusoma. Namba yake ya simu nilikuwa nayo. Risiti zilikuwepo, na fedha alikuwa nazo muuza jumla wa Kikuubo aliyekuwa akitusubirishia mchele na tende. Njia zote za kuhakiki zilikuwa mkononi mwangu, kama zile seli. Na Suratul Hujuraat, aya ya 6, inayotuamrisha kuchunguza habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga, nimeihifadhi tangu madrasa.

Ndugu mmoja anayesoma sheria alinipinga niliposimulia. Seli haina niya, alisema, kwa hiyo kusimama kwake si wema, na huwezi kujifunza akhlaki kutoka kwa hamira. Nakubali nusu. Hamira haipati thawabu. Amali huhesabiwa kwa niya, nayo haina. Lakini sikuitafuta hamira inifundishe kwamba kusingizia ni dhambi. Hilo nilikuwa nalijua. Ilinionyesha kosa langu lilikuwa wapi hasa. Nilikuwa nikijilaumu kwa kutojua, kumbe kujua kulikuwa karibu, na sikukipa muda wa kunifikia.

Pingamizi lake la pili ni zito zaidi. Kama kweli angekuwa mwizi, je? Mara ngapi tumeambiwa "tusubiri, tusifitinishe umma", na aliyedhulumiwa akaachwa peke yake hadi jambo likasahaulika? Hapa hamira yenyewe haimtetei anayekawia. Seli inaposimama, ukarabati unaendelea ndani yake saa hiyohiyo. Na mkato usipokarabatika kabisa, haingoji milele: baada ya saa nyingi seli nyingi huendelea kugawanyika na jeraha lao, na mara nyingi hulipia gharama yake. Kwa hiyo viongozi wanaoomba muda wa kuchunguza tuwaulize nani anachunguza, na lini atajibu. Wakikosa jibu, huko si kusubiri tena, ni kuficha, na aliyedhulumiwa ana haki ya kusema.

Mimi sikuwa na udhuru huo. Hakuna aliyedhulumiwa aliyekuwa akingoja ujumbe wangu. Simu moja ya dakika tatu ingetosha.

Nilimfuata yule kaka baada ya Idi, akanisamehe, tena upesi kuliko nilivyostahili. Niliandika kuomba radhi katika makundi yote matatu. Ujumbe wa kwanza, lakini, ulikwisha kunakiliwa na watu nisiowajua, ukafika hadi mtaani kwao, na mama yake bado anaulizwa sokoni.