Kikulacho na Wajibu wa Shaka

Wahenga waliponena kuwa kikulacho ki nguoni mwako, walimkusudia binadamu. Lakini methali hiyo yamfaa pia kandida, kiumbe wa jamii ya hamira aishiye kinywani, ngozini na matumboni mwa watu wengi wenye afya bila ya kuwadhuru. Ni mpangaji mpole maadamu nyumba ina mwenyewe. Mtu akilazwa mahututi, kinga yake ikapungua, dawa za bakteria zikawafagia majirani wa kandida, na mpira wa dawa ukafungua njia ya mshipani, mpangaji hugeuka mvamizi.

Hapo tabibu hukabiliwa na suala lisilo la tiba peke yake. Mgonjwa ana homa na hawezi kusema. Kandida ameonekana katika makohozi au mkojo wake. Lakini mpangaji kukutwa nyumbani si ushahidi wa wizi. Damu hupelekwa maabara ioteshwe, na majibu huweza kuchukua siku kadhaa. Hata hivyo, takriban nusu ya walioshambuliwa kweli damu yao haioti kitu. Akingoja yakini, huenda yakini ikamkuta maiti. Asipongoja, atatibu kwa dhana.

Wengi watasema: na atibu, dawa itadhuru nini? Ufaransa jibu hilo lilipimwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Wagonjwa mahututi 260 walioshukiwa waligawanywa mafungu mawili, moja likapewa dawa ya kuvu na jingine maji matupu ya dripu. Dawa ilipunguza maambukizi mapya, lakini haikuthibitika kuokoa maisha zaidi.

Na dawa ina deni lake. Kandida auris, aliyeelezwa mara ya kwanza Japani mwaka 2009, mara nyingi hashindwi na dawa zilizozoeleka, naye hung'ang'ania vitandani na vyomboni hata amfikie mgonjwa mwingine. Mashine za maabara kadhaa zilimwita kwa jina la nduguye; na adui aliyepewa jina lisilo lake huandaliwa silaha isiyomfaa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilimtia katika daraja la juu kabisa la kuvu wa kuchungwa.

Basi haki ni ya nani: ya huyu alalaye leo, au ya yule atakayelala kesho kitanda hicho hicho? Naona wa leo atangulie, kwani uso wake uko mbele yetu na roho yake i ukingoni. Hatari ikiwa kubwa, tabibu na aanze. Lakini dhana ni kitu cha kuazima, si mali. Kila siku sharti aiulize upya, na ushahidi ukiikana, airejeshe: aiache dawa, ingawa jamaa mlangoni watauliza kwa uchungu, "Mbona mmemwacha?"

Hawajamwacha. Kuanza kwataka huruma. Kuacha kwataka huruma na ushujaa pamoja. Nasi tulio mlangoni tuna wajibu wetu: tusimlazimishe tabibu kujifanya ana yakini asiyokuwa nayo.