Swali la N

Mathe alikuwa na droo moja ya kufungwa na ufunguo. Ndani yake aliweka vitu ambavyo hakutaka vipotee: karatasi za shamba la guka, fleshi yangu, na kitambulisho cha Auntie. Fleshi iliwekwa humo kwa sababu ya mitihani. Kitambulisho kilikuwa humo "kisipotee". Nilikuwa na miaka 13, tulikuwa tunaishi Kinoo, na nilikuwa nimejifunza kuifungua ile droo kwa ncha ya mkasi. Nilikuwa natoa fleshi, nacheza usiku, halafu narudisha kila kitu mahali pake. Kitambulisho nilikisogeza tu ili nifikie fleshi.

Kwenye fleshi kulikuwa na Pokémon Black.

Kwa asiyejua, gemu za Pokémon zilianza Japani mwaka 1996, na kanuni haijawahi kubadilika sana. Unazunguka nchi, unakamata viumbe, unawaweka ndani ya mipira midogo, unawatoa wapigane na viumbe wa watu wengine, wanakua. Black na White ndizo zilizoanzisha kizazi cha tano. Zilitoka Japani Septemba 18, 2010, na kwa Kiingereza Machi 2011. Zilikuwa na ujasiri wa ajabu: viumbe wapya 156, na wale wa zamani huwaoni mpaka umalize hadithi. Hata Pikachu hayuko. Watu walilalamika sana. Kiumbe mmoja anafanana na aiskrimu, mwingine ni mfuko wa taka wenye macho. Lakini leo, wale wanaokipenda kizazi hicho wanakikumbuka kwa sababu nyingine: kiliuliza swali.

Swali linaletwa na kijana anayeitwa N. Ana nywele za kijani na anaongea haraka haraka, na anasema anawasikia Pokémon wakizungumza. Anachouliza ni kile ambacho gemu zilizotangulia zilikipita kimya: kuna aliyewauliza hawa kama wanataka? Tunawafungia, tunawatoa wakati wa vita, wanaumia, tunawatibu, tunawarudisha ndani, halafu tunauita huo urafiki. N ni mfalme wa kundi linaloitwa Team Plasma, ambalo linahubiri kwamba Pokémon wote waachiliwe. Yeye mwenyewe huomba msaada wa Pokémon wa pale alipo, kisha huwaacha waende zao. Ukikutana naye tena, yuko na wengine.

Nilisoma maneno hayo kwenye kompyuta ya sebuleni, Auntie akiosha vyombo jikoni. Sikuona uhusiano wowote.

Nakala yetu ilikuwa ya wizi, na waundaji walikuwa wamewatega wezi kama sisi. Ukicheza nakala kama hiyo, Pokémon wako wanapigana, wanashinda, lakini hawapati hata alama moja ya uzoefu. Hawapandi levo. Wiki nzima nilipigana na kila kitu kilichotembea nyasini, na wangu wakabaki vilevile. Darasa zima lilisikia malalamiko yangu: inakuwaje mtu afanye kazi yote hii bila kupanda? Mwishowe msee mmoja akaniletea kodi ya kurekebisha. Auntie alikuwa na mwaka wa tatu kwetu, kwa mshahara uleule aliokuja nao. Kwake sikuwahi kutafuta kodi.

Basi kulikuwa na jirani wa ghorofa ya juu. Siku moja, kwenye kamba za nguo, alimwambia Auntie kwamba analipwa kidogo. Alimwambia kwamba Siku ya Wafanyakazi ya 2011 serikali iliongeza kima cha chini cha mshahara kwa asilimia 12.5, na kwamba wafanyakazi wa nyumbani na walezi wa watoto wamo kwenye orodha hiyo. Yote mawili yalikuwa kweli. Habari zikamfikia mathe, na kwa siku kadhaa nyumba ilikuwa baridi. Halafu ikajulikana kwamba yule jirani alikuwa mjamzito, na alikuwa anamtaka Auntie ahamie kwake.

Kesi ikaisha hapohapo. "Umeona?" mathe akasema. "Kumbe haki za wafanyakazi ndizo hizo!" Kisha akamgeukia Auntie, sote tukiwa mezani: "Kwani wewe hauko sawa hapa?"

"Niko sawa, mum."

Mshahara haukutajwa tena.

Gemu nayo inaisha hivyohivyo. Inafichuka kwamba nyuma ya N kuna mzee anayeitwa Ghetsis, aliyemlea kijana huyo katikati ya Pokémon walioumizwa na watu ili akue akiamini kwamba binadamu wote ni wakatili. Ghetsis hakutaka ukombozi wowote. Alitaka wengine wote waachilie Pokémon wao ili abaki nao yeye peke yake. Unamshinda. Halafu N mwenyewe anakiri kwamba siku mlipokutana mara ya kwanza alishtuka, kwa sababu alimsikia Pokémon wako akisema anakupenda. Anapanda joka lake anaondoka, na wewe unaendelea kukamata.

Nilipomaliza nilifurahi. Leo naona kwamba swali la N lilizimwa kwa njia mbili, na zote mbili tulizitumia nyumbani kwetu.

Njia ya kwanza ni kumwangalia aliyeuliza. Ghetsis ni mwongo, kwa hivyo swali ni la uongo. Jirani alikuwa na lake, kwa hivyo mshahara unatosha. Lakini mwizi akikugongea usiku akuambie jikoni kwako kunaungua, moshi hauishi kwa sababu yeye ni mwizi. Sisi Wakenya tumelizoea hili. Mwanasiasa anapiga kelele kuhusu ufisadi, tunagundua anataka tu zamu yake ya kula, na tunarudi nyumbani tukiwa tumesahau ufisadi wenyewe. Mwenye kuuliza akiwa na tamaa, hiyo ni sababu ya kutompa yeye ufunguo. Swali lake linabaki pale pale.

Njia ya pili ni ngumu zaidi, kwa sababu haina uongo ndani yake: wanatupenda. Naamini Auntie alitupenda. Alinifundisha kusukuma chapati, alinificha siku nilipovunja kioo cha kabati. Lakini mtu anaweza kumpenda hata yule aliyeshika ufunguo. Wahenga walisema mazoea yana taabu, na taabu yake mojawapo ni kwamba ukiyatazama haraka yanafanana na ridhaa. "Niko sawa" iliyosemwa mbele ya meza nzima, na anayeuliza ndiye anayelipa, ni jibu la aina gani? Kwa hivyo sidhani swali la kwanza liwe kama anapenda kukaa. Tuulize kwanza: akitaka kuondoka, anaweza? Na akiondoka, kesho yake inamgharimu nini?

Kwa Auntie, jibu lilikuwa kwenye droo. Katiba yetu mpya ilizinduliwa Agosti 27, 2010, wiki tatu tu kabla ya gemu ile kutoka Japani, na Kifungu cha 41 kinampa kila mtu haki ya kutendewa haki kazini. Juni 16, 2011, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha kule Geneva Mkataba nambari 189 kuhusu wafanyakazi wa nyumbani. Mkataba huo unasema wazi kwamba mfanyakazi ana haki ya kukaa na hati zake za utambulisho mwenyewe. Dunia ilikuwa inaandika kuhusu droo yetu, na mimi niliifungua kila wiki kutafuta gemu.

Sitaki kumfanya mathe awe Ghetsis. Alikuwa anatoka saa kumi na moja asubuhi kutafuta matatu ya tao, na kazini kwake pia hakuna aliyemwongezea. Aliogopa kwamba siku moja atarudi apate watoto wako peke yao na Auntie hayuko. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini nadhani mpira wa Pokémon uko hivyo pia: anayeushika hamchukii aliye ndani, anaogopa tu kuachwa.

Desemba Auntie alirudishiwa kitambulisho aende nacho ushago kwa Krismasi. Hakurudi. Mathe aliumia, akasema maneno ambayo kila mtu husema, baada ya yote tuliyomfanyia. Mimi pia niliumia. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba hilo ndilo lilikuwa jibu lake, na kwamba alingoja mpaka akawa mahali ambapo hakuna wa kumuuliza mezani.

Siku hizi nina bedsita yangu, hapahapa Kinoo. Kuna mama fua anayekuja Jumamosi. Siku ya kwanza nilimuuliza ni pesa ngapi, akasema, "Wewe utaona tu." Zamani ningesikia upole. Nikamwambia, "Hapana mama, taja wewe. Na hata ukitaja kubwa, wiki ijayo kazi bado ni yako." Alinitazama kwa muda, kama mtu anayesukuma mlango polepole kuona kama umefungwa kweli. Halafu akataja. Ilikuwa karibu mara mbili ya nilichokuwa nimepanga.

Nililipa, nikinung'unika moyoni. Na nikiwa katika kunung'unika huko ndipo nikaelewa kwa nini kwetu hakuna aliyewahi kuuliza.