Umma Ulio Chini ya Barafu

 

Ndugu zangu katika imani, wanafunzi wenzangu, mmezoea kunisoma hapa nikizungumzia swala ya jamaa, mikopo yenye riba na adabu za kuishi bwenini. Leo nataka tuzungumze juu ya sifongo. Msicheke kwanza, nisomeni hadi mwisho, kwa sababu mada hii imeletwa na swali ambalo mmoja wetu aliniuliza, na kwa macho yake nilijua kwamba haulizi kwa ajili ya mtihani.

Jina la sifongo wengi tunalijua kwa kile kitu laini cha kuoshea vyombo, ambacho siku hizi hutoka kiwandani. Sifongo wa asili ni mnyama. Hana ubongo, hana moyo, hana tumbo wala mishipa ya fahamu. Mwili wake umejaa vitundu. Maji huingia kwa vitundu vidogo, hupita ndani na kutokea kwa tundu kubwa, naye huchuja chakula chake humo, na sehemu kubwa ya chakula hicho ni bakteria. Hiyo ndiyo kazi yake tangu anaposhika jiwe hadi anapokufa.

Mwaka 2016 meli ya utafiti ya Ujerumani, Polarstern, ilifika karibu na digrii 87 kaskazini, mahali ambapo bahari imefunikwa na barafu mwaka mzima. Chini yake ipo safu ya milima ya baharini iitwayo Langseth, ambayo vilele vyake viko mamia ya mita chini ya maji. Hapo zamani volkano zake zilikuwa hai, lakini sasa zimezimika. Wanasayansi waliteremsha kamera wakitarajia kuona miamba mitupu, maana barafu huzuia mwanga, na chakula kinachodondoka kutoka juu ni kidogo mno. Waliona vilele vimejaa sifongo, wamesongamana, wengine wana upana wa mita moja. Walipokadiria umri wao, wastani ulikuwa miaka 300. Maana yake ni kwamba yule wa kawaida tu alianza kuishi karne ya 12 Hijria, kabla Bujumbura hii haijaitwa mji.

Wanakula nini? Hili ndilo lililowasumbua wataalamu, na jibu lilichapishwa mwaka 2022. Zamani, volkano zilipokuwa hai, palikuwa na minyoo waliojijengea mirija na kuishi kwa nguvu ya gesi zilizotoka chini ya ardhi. Volkano zikazimika, minyoo wakafa, mirija yao ikabaki sakafuni kama zulia lililochakaa. Wataalamu walilinganisha kemia ya miili ya sifongo na ile ya mirija, wakaona vinaendana. Sifongo wale wanaishi kwa mabaki ya viumbe waliokufa maelfu ya miaka iliyopita.

Lakini sifongo peke yake hawezi kuumeng'enya mrija mgumu wa namna ile. Ndani ya mwili wake mna vijidudu, bakteria na jamaa zao, wengi kiasi kwamba katika baadhi ya aina za sifongo huweza kufikia theluthi moja ya mwili wote. Hawa ndio wenye vimeng'enya vya kuyavunja mabaki yale. Katika jamaa yake mwingine, Geodia anayeishi kwenye maji ya baridi ya Norway, watafiti wamekuta vijidudu wengine wanaochukua amonia, ambayo ni taka ya sifongo mwenyewe, na kuigeuza hatua kwa hatua, na wengine wakamaliza kwa kuirudisha naitrojeni kuwa gesi. Kila kundi na zamu yake. Mwenye kiwanda angelipa pesa nyingi kupata mpangilio kama huo.

Na hapa pana jambo ambalo mimi, mwanafunzi wa kilimo, nililirudia kulisoma mara kadhaa. Nimesema kwamba sifongo hula bakteria. Basi vipi anamla huyu aliyekuja na maji na kumwacha yule aliyekaa naye? Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba baadhi ya vijidudu wakaazi wana protini maalumu ambazo huifanya seli iwameze bila kuwameng'enya. Tena wapo wanaorithishwa. Katika aina nyingi za sifongo mama huwaweka vijidudu ndani ya mayai au vichanga, mtoto akaanza maisha akiwa na wenzake tayari.

Sasa nirudi kwenye swali. Dada yetu mmoja wa mwaka wa pili, anayesoma biolojia, alinisubiri nje ya msikiti baada ya darsa ya Alhamisi. Akasema: "Kaka, tunafundishwa kwamba Allah ametutiishia vilivyomo mbinguni na ardhini. Haya, hawa waliokaa gizani miaka mia tatu bila mtu kuwaona, wametiishwa kwa nani? Wana faida gani kwetu?" Kisha akanyamaza, halafu akaongeza kwa sauti ya chini kwamba tangu swali hilo limwingie, Alfajiri anaamka, anaswali, lakini anahisi kama anasoma maneno ukutani.

Wapo miongoni mwetu ambao wangemwambia aache maswali, aseme istighfari, yaishe. Mimi sioni hivyo. Mtu anayeona swala yake inapoa na akatafuta wa kumuuliza bado ana moyo ulio hai. Tena wapo wenye jibu jingine la haraka: wangefungua Surat An-Nur, aya ya 40, yenye giza la bahari kuu na mawimbi juu ya mawimbi, wakamwambia, "Umeona? Qur'ani ilishataja haya." Ndugu zangu, tuogope. Aya ile imekuja kupiga mfano wa amali za waliokufuru, na tukiifanya somo la elimu ya bahari tunaipokonya onyo lake. Kitabu cha Allah hakihitaji kusaidiwa na kamera ya Wajerumani.

Nilimjibu kwa kadiri ya elimu yangu, na mimi si sheikh. Nilimwambia kwamba kutiishiwa ni neema juu yetu, lakini hatukuambiwa popote kwamba sisi ndio sababu pekee ya kila kiumbe kuwepo. Katika Surat An-Nahl, baada ya kutajwa farasi, nyumbu na punda, wanyama ambao Mwarabu aliwajua kwa mgongo wao, inafuata habari kwamba Allah huumba na tusivyovijua. Yaani hesabu haikufungwa kwa wale tunaowapanda. Na katika Surat Al-An'am, aya ya 38, tunajulishwa kwamba wanyama wa ardhini na ndege ni umma mbalimbali mfano wetu. Mtu hawi umma kwa kuwa ana faida kwa jirani yake.

Kisha nikamkumbusha hadithi ya Nabii miongoni mwa Manabii aliyeumwa na sisimizi. Imepokewa na Bukhari na Muslim. Akaamuru kijiji chao chote kichomwe moto, na Allah akamlaumu: sisimizi mmoja amekuuma, nawe umeteketeza umma mzima wenye kuleta tasbihi. Tazama lawama ilipoegemea. Hakuambiwa kwamba sisimizi hurutubisha udongo, ingawa ni kweli hurutubisha, na mimi ningeweza kukupa mhadhara mzima. Aliambiwa kwamba wanamtaja Mola wao.

Basi dada, uliuliza wana faida gani kwetu. Wao wana shughuli na Mola wao. Surat Al-Isra, aya ya 44, inatufahamisha kwamba hakuna kitu ila kinamsabihi, isipokuwa sisi hatuifahamu tasbihi yao. Miaka mia tatu unayoiita ya bila kuonwa haikuwa hivyo hata sekunde moja. Palipungua jicho la mwanadamu tu. Na riziki yao iliwekwa sakafuni maelfu ya miaka kabla ya yeyote kati yao kuzaliwa, ndani ya chakula kigumu wasichoweza kukila, kisha wakapewa wenzao wa kukilainisha. Mimi nikiisoma Surat Hud, aya ya 6, inayotujulisha kwamba riziki ya kila kiumbe kitambaacho iko juu ya Allah na kwamba Yeye anajua makao yake, siku hizi siwazi tena kuku na mbuzi peke yao.

Kuhusu Alfajiri yake nilimwambia neno moja. Anayeamka saa kumi na moja kwenye chumba cha watu sita, wenzake wote wamelala, akatawadha kwa maji ya ndoo na kusimama pembeni ya kitanda bila kuwasha taa asiwasumbue, yuko katika hali gani kama si hiyo hiyo ya chini ya barafu? Ihsani tuliyofundishwa katika hadithi ya Jibril ni kumwabudu Allah kama unamwona, na ikiwa humwoni, ujue Yeye anakuona. Alinyamaza, akauliza kama anaweza kuniazima kile nilichokisoma juu ya sifongo. Nikampa.

Lipo jambo jingine ambalo hatukulizungumza siku ile, na ninaliandika hapa kwa sababu linatuhusu kama makhalifa wa ardhi. Sifongo wa bahari za kaskazini wana adui, naye ni wavu mzito unaokokotwa sakafuni kutafuta samaki. Wavuvi wa visiwa vya Faroe wana jina lao la mahali penye sifongo wengi, "ostur", yaani jibini, kwa jinsi wanavyojaa wavuni kama mabonge ya jibini. Mavuno ya mchana mmoja yanaweza kung'oa kilichokua kwa karne kadhaa, na pamoja nacho huondoka umma mzima wa vijidudu uliokuwa ndani. Barafu ya kaskazini nayo inapungua kwa sababu ya joto ambalo sote tunachangia, wengine zaidi na wengine kidogo. Sisi wa Burundi tumo katika wale wa kidogo sana, nalijua hilo, lakini amana haigawanywi kwa kilo. Fakihi anayekataza kuharibu mti wenye matunda vitani angesema nini juu ya wavu huu? Wanafunzi wa sharia, hii ni kazi yenu, iandikieni makala.

Nimalizie na jambo la karibu. Si lazima mtu asafiri hadi Aktiki. Ziwa letu la Tanganyika lina sifongo wake, wa maji yasiyo na chumvi, wadogo, wanaoshika kwenye mawe kama utando, wala watu wengi waliokulia Buyenzi hawajawahi kuambiwa. Nimekubaliana na dada huyo na wenzake wa biolojia kwamba Jumamosi ijayo, baada ya swala ya Adhuhuri, tutashuka kwenye ufuo wa mawe kusini mwa mji kuwatafuta. Nauli kila mtu ajitegemee. Mwenye lenzi ya kukuza aje nayo, dada zetu watakuwa na kundi lao na kiongozi wao, na hakuna atakayeingia majini peke yake, kwa sababu viboko nao ni umma.