Uzuri wa Upanga

Mjini Osaka, katika nchi ya Japani, ipo ngome ambayo Toyotomi Hideyoshi alianza kuijenga mwaka 1583. Mnara wake wa leo, uliojengwa upya mwaka 1931, ni nyumba ya makumbusho, na humo watu hutazama mavazi ya vita na panga za samurai. Je, ni halali kusifu uzuri wa chombo kilichofanywa ili kuua?

Wako wasemao kwamba chuma hakina dhambi, nao wasema kweli. Chuma hicho hutoka katika mchanga. Mhunzi hukikunja na kukifua mara nyingi, hukipaka udongo, hukitia motoni, kisha hukizamisha majini, hata makali yakapata alama kama mawimbi. Huo si uzuri wa mkakasi. Naye Mtakatifu Thomas wa Akwino afundisha kwamba fundi, kwa kadiri alivyo fundi, husifiwa kwa wema wa kazi yake, wala si kwa nia yake.

Lakini fundi ni mtu pia. Zamani za watawala wa Tokugawa, makali ya panga yalijaribiwa katika maiti za watu waliouawa kwa hukumu, na pengine matokeo yalichorwa katika sehemu ya chuma iingiayo mpinini. Atazamaye makali tu, asijali maandishi hayo, ameona nusu ya upanga.

Basi, dawa ni kuziyeyusha zote? Mwaka 1588 Hideyoshi aliwanyang'anya wakulima panga zao, akitangaza kwamba zitafanywa misumari ya hekalu la sanamu kubwa ya Budha. Askari wake walibaki na zao. Na mwaka 1597, kwa amri yake, Wakristo 26 walisulibiwa Nagasaki. Amani haiji kwa kuyeyusha chuma, ikiwa moyo wa mwenye nguvu haukuyeyuka.

Tumtazame Takayama Ukon, samurai aliyekuwa mtawala. Mwaka 1587 Hideyoshi alimtaka aiache imani. Yeye akaacha enzi, wala hakuwainua watu wake kupigana. Alifukuzwa nchini, akafa Manila mwaka 1615. Mwaka 2017 alitangazwa Mwenye Heri mjini Osaka, katika ukumbi ulio ndani ya bustani ya ngome ile ile.

Kwa hiyo, enyi wazazi, kazi ya fundi na isifiwe bila haya. Lakini yatupasa kuwafundisha watoto wetu kwamba awezaye kuuacha upanga alani ni mkubwa kuliko aufutaye.