Ungejenga Kwanza

Katibu wa kamati ya harusi alikuwa anasoma majina kwenye daftari, kila jina na kiwango chake. Laki moja, laki moja, laki moja. Alipofika kwangu jina hakulisoma. Alisema, "Mwenye Altezza, laki tano," sebule nzima ikacheka. Nikauliza hesabu hiyo imetoka wapi. Mjomba wangu, aliyejisogeza karibu na feni, akanijibu bila hata kugeuza shingo: "Mjomba, ungejenga kwanza ndiyo uje kutulalamikia hapa." Kikao kikaendelea na habari za vinywaji. Mimi wiki ya tatu hii bado niko kwenye sentensi hiyo.

Shauku ni nini? Ni kutaka usichonacho. Plato alishalizungumza hilo katika Symposium, akaongeza kwamba hata aliyenacho hutaka kesho aendelee kuwa nacho. Sawa, tusikawie hapo. Kinachonikera ni kwamba kikao kile hakikunipa nafasi ya kusema jambo moja: gari hili nililitamani miaka 18, na tangu nilipate sina hakika kama ndilo lile.

Altezza ya kwanza niliiona nikiwa nimening'inia mlangoni mwa daladala, Mbagala Rangi Tatu. Nyeupe, imelala chini, taa za nyuma zinang'aa kama glasi. Ikatupita. Toyota waliitoa mwaka 1998 na huko Japani ikatangazwa gari la mwaka, lakini hayo sikuyajua. Nilichokijua ni mlio, na ule mgongo ukipotelea kwenye vumbi. Leo ninayo, RS200 ya gia 6, na ndipo nilipogundua jambo la kijinga kabisa: aliyeshika usukani ndiye mtu pekee barabarani asiyeliona gari lake. Mimi naona dashibodi iliyochorwa kama saa ya mkononi. Mshale unaoweza kufika 180 umelala kwenye 30, kwa sababu mbele kuna bajaji tatu, na siku ya mechi pale Azam Complex hata hiyo 30 unaitafuta. Matuta nayapanda kiubavu, kama mgonjwa wa mgongo anayeshuka kitandani, na bado chini panakwaruza. Na neno lenyewe, altezza, kwa Kiitaliano ni kimo, kwenda juu!

Ile iliyonipita Rangi Tatu sijainunua bado. Anayeiona ni kondakta aliyening'inia mlangoni.

Wala sijuti. Ila watu wanakutaka uchague: ujivune au ujute. Ukisifia gari, unaringa. Ukisema moyo umepoa kidogo, "si tulikwambia?"

Niruhusuni nichepuke, maana hili nalipenda. Dar es Salaam gari halizaliwi kiwandani, linazaliwa siku linapofungwa namba. Langu limezunguka Japani miaka mingi mikononi mwa mtu nisiyemjua, likashushwa bandarini, likalipiwa ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18 na mengineyo, likatoka na namba E. Mtaani wakasema, "Jipya hilo." Jirani yangu gari lake lina umri mdogo kuliko langu, lakini ni namba C, basi la zamani. Kitu kinahesabiwa umri tangu kilipotufikia sisi. Kilivyoishi kabla yetu hakimhusu mtu. Kwa hesabu hiyo shauku yangu ni namba A, injini imeshafumuliwa mara kadhaa, nami nimeifunga kwenye bodi ya namba E. Sijui kama hilo linathibitisha chochote.

Nirudi kwa mjomba. "Ungejenga kwanza." Maana yake fedha ina njia yake halali: kiwanja, msingi, boma, bati, halafu ndiyo mtu aruhusiwe kupenda kitu. Lakini tembea mitaa yetu ya Chamazi. Kuna pagale limeishia kwenye lenta, chumbani umeota mpapai. Mwenyewe huja Jumapili, akasimama katikati ya matofali na kunyoosha mkono: hapa sofa, pale televisheni. Anaondoka amefurahi. Huyo anaitwa mtu wa maendeleo. Mimi nikifunua turubai Jumapili hiyo hiyo, nikafuta vumbi na kuwasha injini dakika kumi nisikilize tu, naitwa mtoto.

Watasema nyumba haishuki thamani. Lakini mjomba ameishabikia Yanga tangu ujana, nauli za Uwanja wa Taifa, jezi kila msimu, presha kila dabi. Nani amewahi kumuuliza Yanga itamrudishia shilingi ngapi? Hakuna. Kumbe kuna mapenzi yasiyodaiwa risiti. Yangu yanadaiwa kwa nini?

Wapo wanaouliza ni haki gani nichome petroli kwa raha wakati jirani anatafuta nauli ya kliniki. Hoja nzito, naikubali, sina jibu.

Kuna usiku mmoja tu nilimwelewa mjomba, na sikupenda kumwelewa. Nyumba ina mahali pa kumlaza mgeni. Ina mahali pa kutandika mkeka siku ya msiba. Pengine aliposema "ungejenga" hakuwa anazungumzia thamani hata kidogo. Alikuwa anauliza mbona miaka 18 nimetamani kitu ambacho yeye hana nafasi ndani yake. Lakini kama ndivyo, si angesema hivyo? Na laki tano ndiyo jibu la swali hilo?

Laki tano nimezitoa. Juzi mjomba kanipigia: kamati inaomba Altezza imbebe bibi harusi, Jumamosi. Nimekubali kwa sharti moja, aendeshe mtu mwingine. Mimi nitasimama Rangi Tatu, pale pale kituoni.